Godoro kwa Kilo: Mwongozo wa Kuchagua Godoro la Sponji au la Mpira Bila Kulilalia Kwanza

Mtu anayeishi Uyole, Mafinga au Makete siku hizi huagiza godoro kwa njia ile ile anayoagizia vipuri vya pikipiki. Huona picha kwenye simu, hupiga kuulizia bei, hutuma fedha, na baada ya siku mbili huitwa na ofisi ya mizigo ya basi akachukue bonge lililofungwa nailoni na kamba. Hata yule anayekwenda mwenyewe dukani Mwanjelwa au Iringa mjini hana nafuu kubwa, kwa sababu magodoro husimamishwa wima yakiwa ndani ya nailoni, na kinachoruhusiwa ni kubonyeza ubavu kwa kiganja huku muuzaji akisema, "Hili ni haidensiti, mama, hili halibonyei." Kiganja hakiwezi kujua kile ambacho mgongo utakijua baada ya miezi sita.

Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tunaijua vizuri hasara ya kuuziana kitu kwa ukubwa wa kifurushi. Ugomvi wa lumbesa kwenye viazi ni huo huo: gunia linahesabiwa kuwa moja, lakini limeshonewa kilemba juu, na mkulima analipwa kana kwamba kile kilemba hakina uzito. Kwenye godoro mambo yamegeuzwa, na anayeumia ni mnunuzi. Analipia inchi 8, naye hajui ndani ya inchi hizo kuna sponji kiasi gani na hewa kiasi gani. Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja, nalo ni kwamba godoro usiloweza kulilalia kabla ya kulinunua unapaswa kulinunua kwa kilo.

Hatua ya kwanza: anza na kitanda na godoro ulilo nalo

Kabla ya kumpigia muuzaji yeyote, toa shuka kwenye godoro lako la sasa, chukua uzi wa kushonea, uvute kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa upana, kisha mtu mwingine asimamishe rula pale katikati na kusoma umbali kati ya uzi na kitambaa. Kama bonde lina kina cha inchi moja na nusu au zaidi, godoro limekwisha, na maumivu ya kiuno unayoyalalamikia huenda yanatoka hapo. Kama bonde ni dogo lakini bado unaamka umechoka, chunguza chaga kabla ya kulaumu sponji. Chaga zilizopinda, au zilizoachana kwa zaidi ya inchi 3, huruhusu godoro kuingia katikati yake, na godoro jipya litakalowekwa juu ya chaga hizo litaharibika vivyo hivyo. Mbao za paini kutoka upande wa Sao Hill zinafaa kabisa kwa kazi hiyo, mradi ziwe zimekauka na kitanda cha futi 5 au 6 kiwe na mhimili na tendegu la katikati.

Pima kitanda kwa ndani, si kwa nje, na upime pande zote mbili. Mafundi wetu hupenda kutengeneza "tano kwa sita" ambayo ukiipima unakuta ni futi 5 na inchi 2, na godoro likiingia humo huacha mfereji pembeni ambao mtoto atatumbukiza mguu kila usiku.

Kisha andika mambo mawili kuhusu wanaolala: uzito wao na namna wanavyolala. Anayelala ubavu anahitaji godoro linaloruhusu bega na nyonga kuzama kidogo ili uti wa mgongo ubaki umenyooka. Anayelala chali anahitaji ugumu wa kati. Anayelala kifudifudi anahitaji godoro gumu zaidi, kwa sababu tumbo likizama kiuno hupinda kuelekea chini. Kama wanaolala ni wawili na mmoja ana kilo 60 na mwingine kilo 95, chagua kwa kumfikiria mzito zaidi, kisha mpunguzie mwepesi ugumu kwa kumtandikia blanketi nene upande wake. Ni rahisi kulainisha godoro gumu, lakini hakuna njia ya kuliimarisha godoro dhaifu.

Hatua ya pili: jua unachouziwa ni kitu gani

Sehemu kubwa ya magodoro yanayouzwa kwetu kwa jina la sponji ni poliyurethani. Hutengenezwa kwa kuchanganya kemikali mbili za maji maji pamoja na maji kidogo. Maji hayo yakikutana na mojawapo ya kemikali hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na mchanganyiko huumuka kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Linalobaki baada ya kuganda ni wavu wa vijumba vidogo vyenye hewa. Kama unga ni mwingi na umuko ni wa wastani, kuta za vijumba huwa nene. Kama kiwanda kimetaka bonge kubwa kutoka kwenye malighafi kidogo, kuta huwa nyembamba, nazo huvunjika mapema pale penye nyonga.

Godoro la mpira, ambalo wauzaji huliita lateksi, ni kitu tofauti. Asili yake ni utomvu wa mti wa mpira, hupigwa mpaka ukawa povu, kisha hupikwa kwenye kalibu yenye misumari mingi. Ndiyo maana godoro hilo huwa na matundu yaliyopangwa kwa mistari. Njia ya Dunlop iligunduliwa Uingereza mwaka 1929 na hutoa mpira mzito na imara. Njia ya Talalay huongeza hatua ya kuvuta hewa na kugandisha povu kwa baridi kali kabla ya kulipika, na mpira wake huwa laini zaidi na unafanana juu na chini. Ipo pia lateksi inayotokana na mafuta ya petroli, na magodoro mengi huchanganya hiyo na ya asili. Mchanganyiko huo si kosa, ila usilipie bei ya mpira wa asili mtupu kwa kitu kilichochanganywa.

Sifa ya mpira ni kwamba hurudi mara moja unapoondoa mkono, hudumu kuliko sponji ya kawaida, na baridi haiubadilishi sana. Kasoro zake ni bei, uzito, na kwamba jua kali na joto huuchakaza ukawa unamomonyoka kama mkate mkavu. Mtu ambaye glovu za mpira humletea vipele au kubanwa na kifua asinunue kabla ya kuzungumza na daktari.

Maoni yangu ni kwamba kaya nyingi za huku zitapata faida zaidi kwa sponji nzito kuliko kwa lateksi ya bei ya kutupa, kwa sababu lateksi ya bei ya kutupa kwa kawaida si lateksi. Namna ya kulithibitisha hilo iko katika hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: hesabu ya kilo

Hii ndiyo hatua ambayo singependa uiruke hata kama zilizobaki utazisoma kwa haraka. Ubora wa sponji hutajwa kwa kilo zilizomo ndani ya mita moja ya ujazo. Neno "haidensiti", yaani msongamano mkubwa, bila namba halina maana yoyote. Ni sifa, kama kusema mchele ni mzuri. Namba unaweza kuipata mwenyewe kwa mizani na futi kamba.

Zidisha upana kwa futi, urefu kwa futi, na unene kwa inchi, kisha gawanya kwa 424. Jibu ni mita za ujazo. Godoro la tano kwa sita lenye inchi 8 ni 5 mara 6 mara 8, yaani 240. Ukigawanya kwa 424 unapata takriban 0.57. La nne kwa sita lenye inchi 6 ni 144, yaani 0.34. La sita kwa sita lenye inchi 10 ni 360, yaani 0.85. Baada ya hapo pima uzito wa godoro, ondoa kilo moja na nusu kwa ajili ya kava (au mbili ikiwa kava ni nene na imeshonewa pamba), na ugawanye kilo zilizobaki kwa zile mita za ujazo.

Tuseme godoro la tano kwa sita la inchi 8 lina kilo 19 pamoja na kava. Sponji yenyewe ni kilo 17.5, na ukigawanya kwa 0.57 unapata karibu 31. Hilo ni godoro la mtu mzima kulalia kila siku kwa miaka. Kama mizani imesoma kilo 12, sponji ni kilo 10.5 na jibu ni 18, ambalo ni godoro la chumba cha wageni wanaokuja Pasaka na Krismasi. Mimi hugawa hivi: chini ya 18 usinunue isipokuwa la mtoto mdogo, kati ya 18 na 24 linamfaa mtu mwepesi au chumba kisichotumika kila siku, kuanzia 25 hadi 30 ni la matumizi ya kawaida, na mwenye kilo zaidi ya 90 atafute 32 au zaidi, hata ikibidi apunguze inchi ili bei imtoshe. Sponji ya inchi 6 yenye 30 ni godoro bora kuliko ya inchi 10 yenye 16, ingawa ile ya inchi 10 ndiyo itakayosifiwa na wageni.

Nilijifunza hesabu hii nikiwa nimekwisha kupata hasara. Niliagiza godoro la tano kwa sita, inchi 8, kwa muuzaji ambaye sitamtaja, kwa kuamini picha na neno lile lile la haidensiti. Mwezi wa tano tayari lilikuwa na bonde upande wa mume wangu. Nililibeba kwa bajaji hadi kwa kijana anayenunua viazi jirani na kwetu Uyole, nikamwomba anipimie kwenye mizani yake ya magunia. Alinitazama, akalitazama godoro, akauliza, "Mwalimu, siku hizi sponji nayo inauzwa kwa kilo?" Mizani ilisoma kilo 9 na nusu. Futi kamba ilipowekwa ubavuni ilisoma inchi 7, si 8. Tulikaa juu ya gunia tukapiga hesabu kwenye kikokotoo cha simu, tukaondoa kava, tukapata 16. Yule kijana alicheka mpaka akaomba radhi, kisha akaenda kupima la kwake.

Mizani inaweza kudanganywa kwa njia mbili, na ni vema uzijue. Ya kwanza ni sponji iliyotiwa unga wa chokaa wakati wa kutengenezwa ili iwe nzito bila kuwa imara. Ukifungua zipu na kusugua kona ya sponji kwenye kitambaa cheusi, unga mweupe utabaki. Ya pili ni bonge lililotengenezwa kwa vipande vya mabaki vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hilo hutambulika kwa madoa ya rangi nyingi, na huwa zito sana na gumu. Linafaa kuwa tabaka la chini, lakini likiwa godoro zima utalala kama juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji.

Mizani hiyo hiyo ndiyo inayomfichua anayeuza sponji kwa jina la lateksi. Lateksi ya kweli kwa kawaida huwa na kilo 65 hadi 90 kwa mita ya ujazo. Godoro la tano kwa sita la inchi 6, lote likiwa la mpira, huzunguka kilo 30, na la inchi 8 hukaribia 40 au kupita. Watu wawili hulibeba kwa shida. Ukiambiwa lateksi ya inchi 8 ina kilo 16, basi ni sponji, au ni sponji yenye ukanda mwembamba wa mpira juu. Matundu peke yake si ushahidi, kwa sababu hata sponji ya kawaida hutobolewa.

Kilo pia husaidia kulinganisha bei. Tuseme godoro moja ni shilingi 280,000 na lina kilo 12 za sponji, na jingine ni shilingi 340,000 na lina kilo 18. La kwanza linaonekana rahisi, lakini kila kilo umeinunua kwa zaidi ya shilingi 23,000, ilhali la pili kilo haifiki 19,000.

Hatua ya nne: usichanganye ugumu na uzito

Sponji nyepesi inaweza kutengenezwa iwe ngumu, na sponji nzito inaweza kutengenezwa iwe laini. Ndiyo maana kubonyeza kwa kiganja hupotosha: sponji dhaifu iliyofanywa kuwa ngumu hukuvutia dukani, halafu hulegea ndani ya mwaka. Ugumu hupimwa kiwandani kwa kusukuma sahani ya mviringo ndani ya sponji na kusoma nguvu iliyotumika. Ukipewa namba kwa nyutoni, takriban 100 ni laini, 130 hadi 160 ni ya kati, na karibu 200 ni ngumu. Wauzaji wengi hawana namba hiyo. Basi mwombe akutumie video fupi ambamo mtu mzima amepiga goti moja katikati ya godoro na mwingine ameshika rula pembeni ya goti. Goti la mtu wa kilo 70 likizamisha godoro la inchi 8 hadi karibu kugusa chini, usilinunue. Likizama kama nusu na kurudi mara tu goti linapoondolewa, liko katika kundi la kati. Hicho si kipimo cha maabara, lakini kinatofautisha magodoro kuliko kiganja.

Njia nyingine isiyo na gharama ni kuuliza unapolala ugenini. Ukiamka vizuri nyumbani kwa shemeji Njombe au katika nyumba ya wageni Makambako, inua shuka usome lebo, pima unene, na uulize limetumika kwa muda gani. Godoro lenye miaka 3 ambalo bado liko sawa lina ushahidi kuliko tangazo lolote.

Hatua ya tano: fikiria baridi na unyevu wa huku

Ushauri mwingi wa magodoro huandikwa na watu wanaosumbuliwa na joto. Sisi tuna Juni na Julai. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe na Makete ziko juu zaidi, na usiku wa miezi hiyo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Hali hiyo inagusa moja kwa moja sponji inayoitwa memori fomu, ile inayobaki na alama ya mkono kwa sekunde kadhaa. Ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi iliyofanyiwa shirika la anga la Marekani, NASA, na hulainika kwa joto la mwili. Kwenye chumba chenye baridi hugeuka ngumu, na utalala juu ya ubao kwa dakika nyingi kabla haijakukubali. Video ya muuzaji aliyeko Dar es Salaam haitakuonyesha hilo. Kama unaitaka, itafute kama tabaka la juu la inchi 2 juu ya sponji ya kawaida, si godoro zima.

Jambo la pili ni kuvu. Jasho la mlalaji hupita ndani ya godoro likiwa mvuke, na likikutana na saruji au plaiwudi yenye baridi chini yake hugeuka maji. Tukuyu, ambako mvua haina adabu, godoro lililotandikwa sakafuni linaweza kuota madoa meusi chini ndani ya msimu mmoja. Dawa yake ni chaga zenye nafasi, mvungu usiosongwa na mabegi, na kulisimamisha godoro ubavu kwa saa chache kila baada ya wiki mbili. Toa nailoni ya dukani. Wapo wanaoiacha miaka kwa sababu ya watoto wadogo, na wanashangaa kwa nini shuka huwa na unyevu kila asubuhi. Kwa mtoto anayekojoa nunua kava isiyopitisha maji upande mmoja, ambayo unaweza kuivua na kuianika.

Na kwa kuwa tumetaja baridi: jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa sababu yoyote. Gesi yake huua bila harufu, na sponji ya poliyurethani ikishika cheche huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu kali. Nunua blanketi la pili.

Hatua ya sita: mwandikie muuzaji, usimpigie tu

Maneno ya simu hayabaki. Andika ujumbe, ukiwa na heshima lakini bila kuacha kitu. Mimi hutuma kama hivi:

"Habari za kazi, ndugu. Naulizia godoro la tano kwa sita, inchi 8. Naomba unitumie picha ya godoro likiwa juu ya mizani namba ikionekana, picha ya futi kamba ikiwa ubavuni, picha ya sponji zipu ikiwa wazi, na picha ya lebo yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Naomba pia kujua kama ni bonge moja au tabaka zilizogandishwa, dhamana ni ya muda gani, na bonde la kina gani linahesabiwa kuwa kasoro. Nikipokea nitalipima, likipungua inchi moja au kilo mbili, nani atalipa nauli ya kulirudisha?"

Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hujibu, pengine kwa kunung'unika. Anayejibu kwa "amini mama, wateja wote wanasifia" bila picha ya mizani amekwisha kukujibu. Usione haya kuuliza habari ya tabaka, kwa kuwa magodoro mengi mazito kwa juu huwa na sponji dhaifu katikati, na wastani wa kilo huficha hilo. Picha ya zipu wazi ndiyo inayoonyesha mistari ya gundi.

Kuhusu malipo, jitahidi kulipa sehemu tu kwanza, na kinachobaki ukilipe baada ya kulipima kwenye ofisi ya mizigo. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye maelezo ya ukubwa na unene, si iliyoandikwa "godoro" peke yake.

Hatua ya saba: safari na mapokezi

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na godoro linaweza kuharibika njiani kuliko kwa miaka miwili ya kulaliwa. Elekeza likunjwe kwa kuviringishwa, si kwa kupindwa katikati na kukazwa kamba, na lifungwe nailoni nzima isiyotoboka kwa ajili ya mvua ya Kitonga au Igawa. La mpira lisibebwe kwa kushikwa pembe, kwa sababu huchanika kwa uzito wake lenyewe.

Ofisi nyingi za mizigo zina mizani. Lipime hapo hapo kabla ya kusaini, ukitoa uzito wa nailoni ikiwa ni nzito, na mtu mwingine achukue video. Magodoro yaliyobanwa kwa kunyonywa hewa hufunguliwa siku ile ile na kuachwa bapa kwa saa 24 hadi 72, dirisha likiwa wazi ili harufu ya kiwandani iishe. Wakati wa baridi huchelewa zaidi kuinuka, kwa hiyo usimgombeze mtu kuhusu unene kabla ya siku ya tatu. Baada ya hapo pima unene katika sehemu nne za ubavu. Pungufu la robo inchi si la kugombania. Nusu inchi, zungumza upya kuhusu bei. Inchi nzima rudisha, kwa sababu kwenye tano kwa sita ya inchi 8 hiyo ni sehemu moja ya nane ya ulicholipia.

Wiki za mwanzo sponji hulegea kidogo, na bonde la chini ya nusu inchi ni la kawaida. Geuza kichwa kuwa miguu kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila miezi mitatu. Kama lina pande mbili, pindua pia juu kuwa chini. Kuanika juani kwa saa mbili likiwa ndani ya kava hakuna neno kwa sponji, lakini la mpira lianikwe kivulini penye upepo. Rangi ya sponji kugeuka njano si ugonjwa. Ni mwanga na hewa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu rudia kipimo cha uzi, andika kina cha bonde na tarehe kwa kalamu kwenye lebo, kisha rudia kila baada ya miezi sita ili siku ya kudai dhamana uwe na namba mkononi. Risiti ya EFD usiitegemee kukaa kwenye droo hadi siku hiyo, kwa sababu karatasi yake hufifia na kubaki nyeupe. Ipige picha jioni ile ile unapolipokea godoro, na uitume kwenye simu ya mtu mwingine wa nyumbani.